SOMO LETU: Roboti ya Angani na Mkono wa Mfanyakazi

Ndugu wafanyakazi wa viwandani na mashambani,

Katika kikao chetu cha masomo hapa Kabuga, ndugu mmoja anayefanya kazi ya kufunga mizigo alituletea swali. Alikuwa ameona katika simu picha ya roboti yenye kichwa, mikono na vidole, pamoja na maelezo kwamba roboti za namna hiyo zitajenga makazi mwezini. Akauliza: "Ikiwa zitaweza kujenga mwezini, zitashindwa kufunga katoni kule Masoro?" Watu walicheka, lakini kicheko hakikudumu. Tuliona kwamba swali lake ni la haki, tukaahidi kulifanyia somo.

1. Roboti yenye umbo la mtu ni nini?

Roboti ni mashine inayofanya kazi kwa kufuata maagizo iliyowekewa, au kwa kuongozwa na mtu aliye mbali. Si lazima ifanane na mtu. Mkono wa chuma unaochomelea magari kiwandani ni roboti. Gari lisilo na dereva linalopima mawe katika sayari ya Mirihi ni roboti pia. Kwa kweli, roboti nyingi zilizofanya kazi angani hazina sura ya mtu hata kidogo.

Basi kwa nini wataalamu wahangaike kutengeneza yenye mikono na vidole? Sababu ni rahisi. Kituo cha Kimataifa cha Anga kilijengwa kwa ajili ya watu. Milango yake, vishikio vyake, swichi zake na spana zake zote zimepimwa kwa mkono wa mtu. Kubadili vyote hivyo ni gharama kubwa. Kwa hiyo wakafikiri: tutengeneze mashine itakayoshika spana ile ile.

Jambo hili tulishike vizuri, maana ndilo jibu la nusu ya swali la ndugu yetu. Kiwanda nacho kimejengwa kwa kipimo cha mtu: ngazi, meza, toroli, mlango wa ghala. Mashine inayoweza kutumia vitu vya mtu angani imekusudiwa pia kuvitumia duniani.

2. Zilizokwisha kwenda angani

Ya kwanza iliitwa Robonaut 2. Ilitengenezwa na shirika la anga la Marekani, NASA, kwa kushirikiana na kampuni ya magari ya General Motors. Tujiulize: kampuni ya magari ilikuwa ikitafuta nini huko? Ilitaka mashine itakayofanya kazi kiwandani bega kwa bega na wafanyakazi. Roboti hiyo, yenye uzito wa kilo 150 hivi, ilipelekwa katika kituo cha anga na chombo cha Discovery tarehe 24 Februari 2011. Haikuwa na miguu. Ilijaribiwa kwa kazi ndogo ndogo, kama kubonyeza swichi na kupima mwendo wa hewa ndani ya kituo.

Mwaka 2014 ikapelekewa miguu, wanaanga wakaifunga. Baada ya hapo ikasumbuliwa na hitilafu ya umeme. Wanaanga wakatumia saa zao nyingi kuitafutia dawa, na mwaka 2018 ikarudishwa duniani kwa matengenezo. Mashine iliyopelekwa kumpunguzia mtu kazi ilikuwa imemwongezea.

Nyingine ya NASA, iitwayo Valkyrie, ina urefu wa karibu mita 1.9. Mwezi Desemba 2013 ilishindanishwa na roboti nyingine huko Florida, nayo haikupata hata pointi moja. Warusi nao walituma roboti yao, Fedor, kwa chombo cha Soyuz mwezi Agosti 2019. Ilikaa angani majuma mawili tu. Baadaye watengenezaji wake wakasema haifai kwa kazi za nje ya kituo, kwa kuwa huko miguu mirefu haina msaada.

Hatuyasemi haya ili tudharau. Mtoto huanguka mara nyingi kabla ya kutembea, na roboti za leo zinatembea vizuri kuliko zile. Tunayasema ili mtu asije akatutisha kwa picha. Hadi leo hakuna roboti yenye umbo la mtu iliyojenga hata ukuta mmoja mwezini. Ni mipango na majaribio.

3. Kwa nini kazi ya mwezini ipewe mashine?

Mwezini hakuna hewa. Mchana wake ni kama majuma mawili yetu, na usiku vivyo hivyo. Joto la mchana hupita digrii 100, na baridi ya usiku hushuka chini ya digrii 100 za kuganda. Vumbi lake ni kali kama chupa iliyosagwa, huingia katika viungo vya mashine na kuvila. Tena kuna mionzi yenye madhara. Mahali kama hapo, kutanguliza mashine ni busara.

Kupeleka mizigo huko ni gharama kubwa mno, ndiyo maana wahandisi wanafikiria kujenga kwa udongo wa mwezi wenyewe. Wale wetu waliowahi kufyatua matofali wanaielewa hesabu hii: hakuna anayebeba udongo kutoka mbali wakati upo miguuni pake.

Mawimbi ya redio hufika mwezini kwa sekunde moja na kidogo. Kwa hiyo mtu aliyeketi duniani anaweza kuiongoza roboti iliyoko huko. Kufika Mirihi huchukua dakika 3 hadi 22, hivyo roboti ya huko itabidi iamue mambo mengi yenyewe.

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Robonaut iliweza kuongozwa na mtu aliyevaa kofia na glavu maalumu: akikunja kidole, nayo ikakunja. Roboti nyingi za leo hufundishwa kwa kuigiza mwendo wa mikono ya watu. Maana yake, ujuzi ulio ndani ya mashine ulitoka kwanza katika mkono wa mfanyakazi. Mashine haikuzaliwa na ufundi, iliazima. Na mwenye kuazimwa ana haki ya kuuliza faida itakwenda wapi.

4. Tutazame karibu

Mwezi Mei 2020, wakati wa korona, roboti tano zilianza kazi hapa Kigali. Zilipewa majina ya kwetu: Akazuba, Ikizere, Mwiza, Ngabo na Urumuri. Katika kituo cha matibabu cha Kanyinya zilisaidia kupima joto la wagonjwa, ili waganga na wauguzi wasikaribie ugonjwa mara kwa mara. Huo ni mfano wa mashine kubeba hatari ya mfanyakazi.

Kuna mfano mwingine. Huko Kericho, Kenya, mashine za kuchuma chai zilipunguza kazi za mikono, na mwezi Mei 2023 baadhi yake zikachomwa moto katika ghasia. Tunaelewa uchungu wa wenzetu, lakini moto hauandiki mkataba.

Hata sisi yametupata. Katika kiwanda kimoja mashine ya kufungia ilifika usiku, na asubuhi wenzetu tisa wakaambiwa warudi nyumbani. Tawi letu halikuwa na habari. Tulikimbia huku na huku baada ya jambo kutendeka. Kosa letu lilikuwa kungoja.

5. Chama kifanye nini?

Rwanda ilitia saini Makubaliano ya Artemis kuhusu mwezi tarehe 13 Desemba 2022, pamoja na Nigeria, zikiwa nchi za kwanza za Afrika. Ikiwa nchi yetu inakaa katika meza ya mambo ya mwezini, wafanyakazi wakae katika meza ya mambo ya kiwandani. Sheria ya Kazi Na. 66/2018 inataja kuachishwa kazi kwa sababu ya mabadiliko ya teknolojia. Tuisome kabla mashine haijafika. Kila tawi lidai haya katika mkataba wa pamoja:

(a) Tuarifiwe mapema kabla ya mashine mpya kununuliwa.
(b) Mashine ianze na kazi za hatari: moshi, dawa kali, mizigo mizito.
(c) Wafanyakazi wa sehemu hiyo wawe wa kwanza kufundishwa kuiongoza na kuitengeneza.
(d) Anayemfundisha roboti kazi yake alipwe kwa ujuzi huo.

Maswali ya kujadili tawini

1. Katika sehemu yako ya kazi, ni kazi gani ungependa mashine ikubebee, na ipi usingekubali?
2. Ikiwa mashine itafika kesho, nani atakayeitengeneza ikiharibika?
3. Mwajiri wenu ameeleza nini juu ya mashine mpya, na nani wa tawi aliyemwuliza?

Majibu yaletwe katika kikao kijacho. Asiyejua kuandika aseme, mwenzake amwandikie.

Umoja ni nguvu.