Nani Anamwogopa Nani? Iraab, Kinubi na Kompyuta



Mwaka wangu wa kwanza chuoni Arua, nilirudi likizo Koboko nikaombwa kuwasomesha watoto wa madrasa. Nikafasiri aya ya 28 ya Suratu Fatir kwa kufuata mpangilio wa maneno: kitenzi cha kuogopa, kisha jina la Allah, na mwisho maulamaa. Nikasema Allah anawaogopa maulamaa! Mzee mmoja aliyekaa mlangoni akaruka: "Astaghfirullah! Mwanangu, tazama harakati."

Jina la Allah pale lina fat-ha, basi ni maf'uul, mwenye kuogopwa. Maulamaa wana dhamma, basi ndio faa'il, wenye kumwogopa. Harakati moja ilitenganisha itikadi sahihi na upotofu.

Kosa langu lilitoka nyumbani. Maneno mengi ya Kinubi chetu asili yake ni Kiarabu, lakini miisho ile hatuna. "Ana ainu ita" ni mimi nilikuona wewe. "Ita ainu ana" ni wewe uliniona mimi. Anayetangulia ndiye mtenda. Nilisoma Kiarabu cha Qur'ani kwa kanuni za Kinubi.

Kompyuta nayo hupambana na swali hilohilo. Ili ielewe sentensi, kwanza hukata neno vipande. "Alimpigia" lina a- ya mtenda, -li- ya wakati uliopita, -m- ya mtendewa, kisha pig-i-a. Profesa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alitengeneza programu ya kuchanganua Kiswahili namna hii, iitwayo SALAMA. Pili, huchagua maana. Ukisema "Mjomba amepanda mwembe," je, ameweka mche ardhini au yuko juu ya tawi? Mtu aliyepo uani anajua; kompyuta hutafuta dalili katika maneno ya jirani. Tatu, huunganisha maneno: nani katenda, nani katendwa. Hiyo ndiyo iraab.

Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, kilifanya kazi hii kwa Qur'ani yenyewe, yenye maneno zaidi ya 77,000. Mashine ilianza kwa kulipa kila neno aina yake, kisha watu wakasahihisha kwa kurejea vitabu vya nahau. Hata huko mashine haikuachwa peke yake.

Sasa tuangalie simu zetu. Maandishi mengi ya Kiarabu tunayotumiana hayana harakati. Programu ikikosa alama, hukisia kwa yale iliyoyaona mara nyingi zaidi. Mara nyingi hupatia. Ikikosea haiogopi, wala hakuna mzee mlangoni wa kuikemea.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kabla ya kupeleka tafsiri ya aya kwenye darsa, fanyeni mambo matatu. Rejeeni msahafu wenye harakati. Tafuteni faa'il na maf'uul kwa kalamu yenu wenyewe. Kisha mpelekeeni mwalimu asikilize.

Likizo iliyofuata niliwakusanya watoto walewale, nikawaambia nilikosea, tukairudia aya neno kwa neno. Mzee alikuwa palepale mlangoni. Safari hii alinyamaza.

Wallahu a'lam.