"Tutaelewana" si Mkataba



Umepata kazi dukani Kariakoo, Mtaa wa Kongo. Bosi mnasali naye jumuiya moja, anakwambia, "Njoo tu, tutaelewana." Mwaka unaisha, mshahara nusu nusu, ukiuliza, unaambiwa kesho usirudi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akuandikie kazi yako, saa zako na mshahara wako. Ukiachishwa isivyo haki, peleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30. Samehe, ndiyo, lakini siku zinahesabika. Kusamehe si kuacha jasho lako.

Nawe usichelewe makusudi wala kuficha mauzo. Huo nao ni wizi.

Soma Yakobo 5:4, kisha jiulize: dada wa kazi nyumbani kwetu, kalipwa?