JUMANNE: Zamu ya Usiku

Soma Zaburi 104:20–24. Mafungu haya yanatufundisha nini kuhusu usiku?

Mtunga zaburi anauona usiku kuwa zamu nyingine ya kazi ya viumbe. Katika msitu wa Kibale, Uganda, sokwe na kima hula matunda mchana, na mbegu hudondoka pamoja na kinyesi chao. Giza likiingia, aina nyingi za mbawakawa hutoka kufuata harufu. Huchimba vishimo na kukifukia kinyesi hicho kiwe chakula cha mabuu yao, na mbegu hufukiwa pamoja nacho. Nyingi zinazobaki juu huliwa na panya. Zilizofunikwa na udongo kidogo zina nafasi nzuri zaidi ya kuota.

Mbawakawa hajui kwamba anapanda msitu.

Kanisa nalo lina watumishi wa zamu hii: anayekesha na mgonjwa, anayefagia kabla ya Sabato, anayemwombea mtoto aliyepotea. Wengine huchoka kwa sababu hakuna anayewaona. Mathayo 6:3–6 inawaambia nini?

Je, ungeendelea na huduma yako hata kama hungeyaona matunda yake? Kwa nini?