Mafunzo Niliyopata Nikipika Sabuni ya Nazi Tanga

Nilianza na nazi hamsini kutoka Pangani, mbuzi ya kukunia na jiko la mkaa uani kwangu. Kila niliyemwomba ushauri alinijibu vilevile: tazama wakubwa wanavyofanya, nawe ufanye hivyo kwa udogo wako. Nikatii. Nikatia rangi na manukato, nikanunua vifungashio vya kumeremeta, nikapeleka sabuni madukani Ngamiani. Miezi saba nilirudi nyumbani na katoni zilezile. Haya ninayoyaandika niliyajua baada ya kuacha kuiga.

1. Mteja wangu alikuwa kwenye maji ya chumvi

Dukani sabuni yangu ilikaa ubavuni mwa sabuni za viwandani, ambazo ni nafuu, zinajulikana na hazikosekani. Mnunuzi hakuwa na sababu ya kuniamini mimi. Kisha tukaenda mazikoni katika kijiji kimoja cha pwani, upande wa Mkinga, nikabeba vipande vichache vya kutumia kule. Visima vya huko vina chumvi. Ukinawa kwa sabuni ya kawaida, unapata utando mweupe unaoganda kwenye beseni, na povu hulioni. Bibi mmoja aliyekuwa akiosha masufuria ya msiba alichukua kipande changu, akakisugua, mikono yake ikajaa povu. Akaniita: “Mwanangu, sabuni yako hii imekubali maji yetu.”

Sababu yake niliielewa baadaye. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi iitwayo lauriki, na sabuni inayotokana nayo huyeyuka hata kwenye maji ya chumvi. Ndiyo maana sabuni ya mabaharia, ile ya kuogea maji ya bahari, hutengenezwa kwa nazi. Mimi nilikuwa nayo mkononi tangu siku ya kwanza, lakini nilikuwa naipeleka kwa watu wa mjini wenye maji baridi ya bomba, ambao shida hiyo hawana. Niliacha rangi, nikaacha vifungashio, nikaanza kwenda vijijini na kwenye madiko ya samaki na ndoo moja. Kwanza nachota maji ya palepale, nasugua sabuni mbele ya watu, ndipo nataja bei. Sijawahi kuhitaji tangazo lingine.

2. Mwisho wa mwezi si wa kila mtu

Hili lilinigharimu marafiki. Wateja wangu wengi ni kina mama wanaokaanga na kuanika dagaa dikoni, nami niliwakopesha sabuni na kuwafuata tarehe 30, kama watu wanaopokea mshahara. Walianza kunikwepa. Mmoja tuligombana hadharani, nikamwita mdanganyifu, neno ninalolijutia hadi leo. Mwenzake akanivuta kando: “Dada, umekuja mbalamwezi. Njoo giza likiingia.”

Dagaa huvuliwa kwa taa. Usiku wa giza wanaifuata taa na kuingia wavuni. Mwezi ukiwa mpevu bahari yote ina mwanga, taa haiwavuti, na boti nyingi zinalala ufukweni. Pesa ya diko hupwa na kujaa kwa mwezi wa angani. Nilikwenda kumwomba radhi yule mama. Kisha nikafuta tarehe zote kwenye daftari la madeni, nikaandika giza la kwanza, giza la pili. Sasa madeni mengi hulipwa bila mimi kuuliza.

Hilo likaja na faida nisiyoitazamia. Sabuni ya kutopikwa, inayokorogwa tu na kumiminwa kwenye boksi la mbao, inataka walau wiki nne rafuni ili ikauke na kuwa ngumu. Mwezi mwandamo una siku 29 au 30. Ninayoikata giza hili naipeleka giza lijalo, ikiwa imekomaa, kwa watu wenye pesa mkononi.

3. Mzani kabla ya vifungashio

Aliyenifundisha alipima kwa kikombe. Nami nikapima kwa kikombe, mpaka nazi zilipopanda bei nikabadilisha nusu ya mafuta kwa mawese, kostiki soda nikaiacha ileile. Kilo moja ya mafuta ya nazi huhitaji gramu zipatazo 183 za kostiki igeuke sabuni yote. Kilo ya mawese huhitaji gramu 141 hivi. Nilikuwa natia 180 katika sabuni ya kufulia. Baada ya kuchanganya ilinipasa kuteremka hadi 160, na zile zilizozidi zilibaki ndani ya sabuni zikisubiri mikono ya watu. Kina mama watatu walinionyesha viganja vilivyobabuka. Niliikusanya sabuni yote nyumba kwa nyumba, nikarudisha pesa zao, na wiki hiyohiyo nikanunua mzani wa kidijiti wa jikoni. Ilipaswa kuwa pesa yangu ya kwanza kutoka. Ya kuogea sasa naweka gramu 150 kwa kilo ya nazi, ili mafuta yanayobaki yailinde ngozi isikauke.

4. Oda kubwa inaweza kukumaliza

Mwenye duka mmoja alitaka katoni mia, alipe baada ya siku 90. Ndugu zangu walisema bahati imenijia. Lakini mwenye nazi anataka pesa taslimu, na siku 90 ni magiza matatu bila mtaji. Nilikataa.

5. Niliwafundisha wanunuzi wangu

Hapa ndipo niliposhauriwa sana nisikosee: siri ya kazi haigawiwi. Hata hivyo nimewafundisha wanawake watano, katika vijiji ambavyo nauli yangu ilikuwa inameza faida. Wana nazi zao wenyewe. Wasichokipata kwa urahisi ni kostiki, kwa sababu mfuko wa kilo 25 ni mzigo mzito kwa mtu mmoja anayeanza. Mimi naununua, naupima, nawauzia kwa kilo, na nikienda kuwapelekea narudi na machicha ya nazi wanayokamua, ambayo wafugaji wa kuku wa mtaani kwangu hununua.

Kila mmoja wao siku ya kwanza nilimwambia haya, nawe utakayejaribu nakuambia. Vaa glavu na miwani. Tumia ndoo ngumu ya plastiki au chombo cha chuma cha pua, kwa kuwa kostiki huila sufuria ya alumini. Mimina kostiki ndani ya maji, kamwe usimwage maji juu ya kostiki. Na watoto wawe mbali kabisa.