Mkindu: Kata Kuti, Acha Moyo

Mkulima wa Kivaa, Ukambani, anayengoja mvua za Oktoba sasa hivi ana mbegu za ndengu, kunde na mbaazi ndani ya nyumba. Msimu huu ongeza mti ambao mbuzi aliyekomaa akili huujaribu mara moja tu: mkindu.

Miba yake tunaijua sote. Vijani vya chini vya kila kuti vimegeuka sindano ndefu zinazolinda shina. Lakini wazee walipoona mikindu katika nchi kavu kama Ukambani walijua maji hayako mbali. Hata mji wa Makindu, kule Makueni, una jina la mti huu. Kwa kuwa unapenda maji, anayeupanda mteremkoni katikati ya mahindi huishia kuulaumu bure.

Mahali pake ni ukingo wa korongo, chini ya bwawa la shamba ambapo maji huchuruzika, au kando ya mto. Karibu na Tana sheria inataka ukanda wa mita 6 hadi 30 kutoka alama ya juu ya mafuriko usilimwe. Ukanda huo upe mkindu. Hauhitaji kupaliliwa kila msimu, na mizizi yake hushika udongo ambao ungeishia kwenye Bwawa la Masinga, linalopokea matope ya mashamba yetu tangu 1981.

Kwa mbegu, okota kindu (matunda yake) zilizoiva, toa nyama, loweka siku mbili, kisha otesha kwenye mifuko kivulini. Vumilia, maana huchelewa kuchipua. Njia ya haraka ni machipukizi ya pembeni: yang'oe na mizizi yake mvua ikishashika, na uyazungushie matawi ya miiba hadi yapate miba yake yenyewe. Ila kumbuka kuwa mkindu una dume na jike. Machipukizi ya kichaka kimoja yote ni jinsia moja, kwa hiyo anayetaka matunda achukue kutoka vichaka tofauti.

Faida kubwa iko kwenye kuti changa ambalo bado halijafunguka. Hilo huanikwa juani hadi liwe jeupe, huchanwa kuwa ukindu, hutiwa rangi na kusukwa ukili wa kushonea mikeka, kama wafanyavyo akina mama wa Pwani. Mikono ya Ukambani iliyozoea kusuka vyondo vya katani haitashindwa. Makuti yaliyokomaa hutoa fagio na paa la banda la kuku.

Hatari ni tamaa. Kila shina lina moyo mmoja kileleni, na likikatwa moyo, au likigemwa pombe bila huruma, shina hilo limekwisha. Chukua kuti moja changa kwa kila shina, kisha subiri lingine lifunguke kabisa kabla ya kurudi na kisu. Vaa glavu na gambuti, na uanze kwa kufyeka miba ya chini kwa panga. Mwiba ukikuvunjikia ndani, nenda zahanati. Usichokoe kwa pini.

Kazi ya wiki hii: zunguka korongo lako, chagua sehemu isiyokauka upesi, uchimbe mashimo. Mvua ikishashika, kazi ibaki ni kupanda tu.