Tahajia ya Majina ya Unyamwezi na Tatizo la Utafutaji katika Kanzidata

1.0 Utangulizi

Mtafiti anayeandika jina "Kiwele" katika kanzidata ya nyaraka, akajibiwa kwamba hakuna kumbukumbu, huelekea kuhitimisha kwamba hakuna kilichoandikwa. Hitimisho hilo ni la hatari. Eneo hilo la Ukimbu, kusini mwa Tabora upande wa Sikonge, ambako Nyungu ya Mawe alitawala hadi alipofariki mwaka 1884, huandikwa pia "Kiwere". Kompyuta hulinganisha herufi. Haijui kwamba maumbo hayo mawili ni jina moja. Makala haya yanabainisha sababu za kiisimu za tatizo hilo na kupendekeza utaratibu wa kulikabili.

2.0 Vyanzo vya Tatizo

Chanzo cha kwanza ni kubadilika kwa majina yenyewe. Burton na Speke, waliofika Unyanyembe mwaka 1857, waliandika "Kazeh" kwa kituo cha wafanyabiashara ambacho leo kimo katika historia ya Tabora. Anayetafuta "Tabora" pekee hawezi kuupata waraka ulioorodheshwa kwa jina la Kazeh.

Chanzo cha pili ni othografia za kigeni. Katika maandishi ya Kijerumani, herufi j husimama mahali pa y, na s mahali pa z. Hivyo Unyamwezi huwa "Unjamwesi", Bagamoyo huwa "Bagamojo", na Mwanza huwa "Muansa".

Chanzo cha tatu ni fonolojia. Kinyamwezi kina irabu saba, ilhali alfabeti iliyozoeleka ina herufi tano za irabu; kwa hiyo waandishi wawili waliosikia sauti moja huweza kuandika mmoja i na mwingine e, au mmoja u na mwingine o. Aidha, kitambaza /l/ na kimadende /r/ hubadilishana katika maandishi: pacha huyohuyo ni Kulwa katika daftari moja na Kurwa katika jingine.

Chanzo cha nne ni mofolojia. Mnyamwezi, Wanyamwezi, Kinyamwezi na Unyamwezi hushiriki shina moja, lakini kwa kanzidata hayo ni maneno manne yasiyohusiana.

3.0 Udhaifu wa Mbinu ya Soundex

Baadhi ya mifumo hutumia Soundex, mbinu iliyopewa hataza Marekani mwaka 1918, ambayo hugeuza jina kuwa herufi ya kwanza na tarakimu tatu. Mbinu hiyo hutenga l na r katika makundi mawili. Kiwele hupata K400 na Kiwere K600. Lakini Kilwa nayo hupata K400. Mtafiti hukosa anachokitaka na kuletewa asichokihitaji. Tena, kwa kuwa herufi ya kwanza huhifadhiwa, Mnyamwezi na Wanyamwezi hawawezi kukutana kamwe. Mbinu hiyo haikuundwa kwa lugha zenye viambishi awali vya ngeli.

4.0 Utaratibu Unaopendekezwa

(a) Mtafiti aanze kwa kutafuta kumbukumbu anayojua kwa hakika kuwa imo. Isipopatikana, kasoro imo katika mfumo au katika uga uliochaguliwa, si katika jina.

(b) Atafute shina kwa alama ya nyota, mfano *nyamwezi. Mfumo usioruhusu nyota mwanzoni humlazimu kuorodhesha maumbo yote yenye viambishi.

(c) Aunde orodha ya maumbo mbadala kwa kufuata kanuni za sehemu ya 2.0, badala ya kubahatisha.

(d) Ajaribu alama ndogo: ritifaa ya ng' huweza kuwa nyoofu au iliyopinda, na Nyungu ya Mawe huandikwa pia Nyungu-ya-Mawe.

(e) Aliache jina kabisa, atafute kwa mwaka, mahali au aina ya waraka.

Kwa upande wa waorodheshaji, tahajia ya waraka ihifadhiwe kama ilivyo, na kando yake liwekwe umbo sanifu lenye marejeo mtambuko kwa maumbo mengine.

5.0 Hitimisho

Kutopatikana si kutokuwapo. Tasnifu inayodai kwamba utawala fulani wa Ukimbu au Unyamwezi haukuacha maandishi inapaswa kutaja maumbo yote yaliyotafutwa. Bila orodha hiyo, dai hilo huthibitisha tu kwamba tahajia moja haikuonekana, na historia ya watu huweza kufutwa kwa sababu ya herufi moja.