Je, Mtoto Mchanga Ajijua?

Majumbani mwetu husemwa juu ya mtoto mchanga: "Huyo bado malaika, hajui kitu." Husemwa kwa upendo, nasi hatumlaumu asemaye. Lakini kwa kuyaamini maneno hayo wengi humwogesha mtoto, humvika na kumlaza pasipo kumwambia hata neno moja, kana kwamba wameshika mzigo. Yafaa basi tuulize: aliyezaliwa jana, je, aweza kupambanua kati ya nafsi yake na mtu mwingine?

Kila mama ajua kwamba mtoto mchanga akiguswa shavuni hugeuza kinywa upande ule, akitafuta ziwa. Mwaka 1997 wataalamu Philippe Rochat na Susan Hespos walitoa habari za watoto wasiotimiza hata saa 24 tangu kuzaliwa. Walipoguswa na kidole cha mtu mwingine, waligeuka karibu mara tatu zaidi kuliko walipoguswa na mkono wao wenyewe. Sababu si ngumu kufahamika. Mkono wetu ukigusa shavu letu, twasikia mguso mara mbili, shavuni na mkononi. Mkono wa mwenzetu twausikia shavuni tu. Tofauti hiyo, yaelekea, mtoto huitambua kabla hajafundishwa lolote.

Na wengine je? Mwaka 1980, huko Marekani, Anthony DeCasper na William Fifer walionyesha kwamba watoto wa siku chini ya tatu hubadili namna yao ya kunyonya chuchu ya mpira ili wasikie sauti ya mama yao, si ya mwanamke mwingine. Lakini tuangalie: sauti hiyo walikwisha kuisikia tumboni. Si yote ayajuayo mtoto siku ya kuzaliwa yaliyo ya asili. Mengine amejifunza gizani.

Wengine husema kwamba mtoto mchanga humwiga mtu anayemtolea ulimi. Ndivyo walivyoandika Andrew Meltzoff na Keith Moore mwaka 1977. Lakini mwaka 2016 watafiti wa Australia, waliowapima watoto 106 mara nne katika wiki tisa za kwanza, hawakuona uigaji huo. Ubishi ungalipo, nasi twaona afadhali tusijenge hoja juu yake.

Kujijua kwa fikra, hata mtoto aseme moyoni "huyu ndimi," huja baadaye. Wataalamu hulipima jambo hili kwa kumtia mtoto alama usoni na kumweka mbele ya kioo: katika nchi za Magharibi wengi huigusa alama ile wafikapo miezi 18 hadi 24. Hata hapo tusiharakishe kuhukumu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, kati ya watoto 82 wa Kenya, wengine wakiwa na miaka mitano na zaidi, wawili tu ndio walioshinda jaribio hilo. Wengi walisimama kimya wakijitazama. Watafiti wenyewe hawakusema kwamba watoto hao hawajijui. Mtoto aliyelelewa katika utii, mkubwa akimbandika kitu usoni, aweza kungoja mkubwa yule yule akibandue.